Michezo ya Kundi kwa Watoto wa Miaka 3 hadi 7: Namna ya Kuiendesha Bila Kumwacha Mtoto Pembeni

Ukikabidhiwa watoto 25 wa chekechea uwanjani ukaambiwa uwachezeshe mpaka wazazi wao waje, usihangaike kutafuta michezo. Michezo unayo. Umekua ukiicheza: ukuti, rede, nyama nyama, kombolela, kujificha. Shida ni kwamba mingi tuliicheza tukiwa na miaka minane, tisa, kumi, na sheria zake ni za watoto wa umri huo: ukikosea unatoka, ukitoka unakaa pembeni mpaka raundi iishe. Mtoto wa miaka minne hajui kukaa pembeni. Mtoe kwenye duara, na kabla hujageuka atakuwa anammwagia mwenzake mchanga kichwani, au ameshaanza safari ya kuelekea getini.

Kwa hiyo sheria yangu kwa watoto wadogo ni moja: hakuna kutoka. Anayekosea anapewa kazi nyingine, anabadilishwa nafasi, au anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ukiangalia vizuri, wanaotolewa mapema ni wale wale kila siku: mdogo kuliko wote, mzito wa kukimbia, mwenye haya. Yaani wanaokaa chini ni wale waliohitaji kucheza zaidi. Wapo watakaokuambia kwamba mtoto lazima azoee kushindwa. Atazoea akifika darasa la tatu, hakuna haraka.

Michezo iliyomo humu yote nimeipanga kwa sheria hiyo. Inafaa chekechea, madrasa, shule ya Jumapili, sherehe ya siku ya kuzaliwa, hata watoto wa mtaa mmoja waliokusanyika uwanjani kwenu wakati wa likizo.

Kabla hujawaita watoto

Tembea uwanja mzima kwa miguu yako, taratibu, ukiangalia chini kisha ukiangalia usawa wa kifua cha mtoto. Chini utaokota vipande vya chupa, misumari, miiba na mawe yenye ncha. Usawa wa kifua ndipo penye hatari ambazo sisi watu wazima hatuzioni: kamba ya kuanikia nguo iliyolegea, senyenge, ncha ya bati, tawi lililokatwa likaachwa na kisiki. Kamba ya nguo inayokugusa wewe tumboni inampata mtoto anayekimbia shingoni. Ifungue. Kama kuna kisima, shimo la taka au karo lililofunikwa kwa mbao, hamia kwingine. Usitegemee kumwambia mtoto asisogee hapo.

Kisha chora mpaka. "Msiende mbali" ni maneno matupu kwa mtoto wa miaka mitano, lakini mstari anauelewa na anauheshimu kuliko unavyodhani. Tumia majivu yaliyopoa, au buruza kijiti mchangani. Chokaa usitumie, inaingia machoni. Kwa watoto 25, mraba wa hatua zako 15 kwa 15 unatosha. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo utapiga kelele mpaka sauti ikauke.

Kuhusu muda, maliza kabla ya saa nne asubuhi au anza baada ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo chezea chini ya mti au ukumbini. Maji ya kunywa yawe yameshaletwa, si ya kwenda kuchotwa mchezo ukiwa umekolea.

Hesabu watoto, kisha andika idadi kwa kalamu kwenye kiganja chako. Utahesabu tena katikati na mwishoni, na kichwa chenye kelele za watoto hakiaminiki. Wakizidi 15, tafuta mtu mzima wa pili, hata dada wa jirani, na asimame upande wa geti au barabara. Kazi yake ni hiyo tu, hachezi na hashiki simu.

Vifaa ni vichache: kanga nne au tano zilizochakaa, ndoo tupu ya kupiga kama ngoma, kipande cha kitambaa chenye rangi kali, na mipira miwili mitatu ya soksi. Kwa mpira wa soksi, jaza nguo kuukuu kwenye kidole cha soksi mpaka ifikie ukubwa wa chungwa kubwa, sokota sehemu iliyobaki, igeuzie juu ya donge, sokota tena na geuza tena mpaka soksi iishe, halafu shona mdomo kwa uzi. Mpira wa namna hiyo ukimpiga mtoto usoni anacheka. Ule wa plastiki mgumu unamliza, na mchezo unaishia hapo.

Kwanza wafundishe kusimama

Kabla ya mchezo wowote wafundishe ishara ya kunyamaza. Mimi hupiga makofi: pa, pa, pa-pa-pa. Wao wanarudia vile vile, kisha mikono inakaa kichwani na midomo inafungwa. Fanyeni mara tatu nne kama mchezo wenyewe: waache wapige kelele kadiri wanavyotaka, piga makofi, waone kelele zinavyokatika. Watafurahi, kwa kuwa ni mara chache mtu mzima huwaomba wapige kelele. Bila ishara hii, mchezo wa kwanza wa kukimbia utakuonyesha kwamba huna namna ya kuwarudisha.

Baada ya hapo ingia kwenye *simama, kaa*. Kila mtoto aliyepita chekechea anaujua: simama, kaa, simama, kaa, ruka, ruka, ruka, simama, kaa. Anza polepole, ongeza kasi, punguza ghafla. Wakizoea, sema "kaa" huku wewe mwenyewe unasimama. Watakaokufuata wewe badala ya neno watacheka wenyewe, na hakuna adhabu. Dakika tatu zinatosha kuwaondolea haya wageni.

Kama hawajuani, wakalishe duara, miguu imetanuliwa na nyayo zinagusana na za jirani, ili mpira usipenye. Anayeviringisha mpira anataja kwanza jina la anayempelekea. Asiyejua jina anauliza, "Wewe nani?" na anajibiwa. Kundi kubwa ligawe maduara mawili. Mtoto asikae zaidi ya dakika moja bila mpira kumfikia.

Nyama, nyama, nyama

Kama ningeruhusiwa mchezo mmoja tu, ningechukua huu. Hauhitaji kifaa, unachezwa na watoto 5 au 50, nje au ndani, na wote wanacheza kwa wakati mmoja. Kiongozi anataja, kundi linaruka na kuitikia:

— Nyama, nyama, nyama!
— Nyama!
— Nyama ya ng'ombe!
— Nyama!
— Nyama ya mbuzi!
— Nyama!
— Nyama ya kuku!
— Nyama!
— Nyama ya meza!

Hapo wanatakiwa wanyamaze na wasiruke. Nusu wataruka, watagundua wakiwa hewani, na utaona nyuso zinavyobadilika kabla miguu haijagusa ardhi. Hapo ndipo penye utamu wa mchezo.

Wakubwa wanacheza kwa kutajiwa wanyama wasioliwa: mbwa, punda, fisi. Kwa wadogo nakushauri utaje vitu: meza, kiatu, ndizi, jiwe, sufuria. Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto wa miaka minne bado anajifunza nini kinaliwa na nini hakiliwi. Ya pili ni adabu ya kukaa pamoja. Darasani mna watoto ambao kwao kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni chakula cha sikukuu na wengine ambao kwao ni haramu. Ziko pia sehemu za kusini mwa Tanzania ambako panya ni kitoweo cha kawaida. Ukitaja panya, mtoto mmoja akaruka na wenzake wakamcheka kwa mlo wa kwao, umeharibu zaidi ya mchezo. Kiatu hakina dini wala kabila.

Mdundo ndio unaowaingiza mtegoni. Taja nyama tatu nne za kweli kwa kasi ile ile, kisha tia ya uongo bila kubadilisha sauti wala uso. Aliyeruka kimakosa usimtoe. Mwite mbele awe kiongozi na ataje tatu zinazofuata. Kuna watakaokosea makusudi ili waitwe, na hilo halina ubaya. Utawasikia wakitunga "nyama ya mwalimu!" Ukifika hapo ujue mchezo umewaingia.

Duara: ukuti, kisha paka na panya

Ukuti ni njia rahisi kuliko zote ya kupata duara. Usiwaambie watoto "tengenezeni duara", maana utapata kitu kama kiazi. Shika mikono ya wawili, anza kuimba *ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi*, zunguka, na waache wengine wajishikize wenyewe. Wakifika kwenye kutetemeka, watetemeke mwili mzima, na mwisho wote wachuchumae. Watoto wa miaka mitatu wanaweza kurudia huu huu kwa dakika kumi bila kuchoka. Wewe ndiye utakayechoka. Angalia tu wale wakubwa wanaovuta mikono kwa nguvu. Bega la mtoto mdogo halivutwi, na anayevuta mshike mkono wewe mwenyewe.

Duara likishakuwepo, usilivunje. Ingieni kwenye paka na panya:

1. Chagua panya, asimame ndani ya duara. Chagua paka, asimame nje. Mfunge paka kitambaa chenye rangi mkononi ili kila mtu amwone.
2. Waliobaki ni ukuta. Wameshikana mikono na kazi yao ni kumlinda panya: wanainua mikono apite, wanaishusha paka akija.
3. Paka anajaribu kumgusa panya. Kugusa tu, si kusukuma wala kukamata nguo.
4. Hesabuni pamoja kwa sauti hadi 20. Panya akiguswa au hesabu ikiisha, wote wawili wanarudi ukutani na kila mmoja anamchagua mrithi wake ambaye hajacheza.

Hatua ya nne ndiyo iliyobeba mchezo. Bila hesabu, panya mwepesi atakimbia dakika tano, na watoto wengine watakuwa wamesimama wanaangalia. Kwa hesabu ya 20, wanaobaki ukutani wana kazi mbili, kuhesabu na kufungua na kufunga mikono. Kundi likizidi 20, weka paka wawili na panya wawili.

Na kwa nini warithi wachaguliwe na watoto? Ukichagua wewe, utasikia "mwalimu, mimi! mimi!" mpaka mwisho. Wakichagua wao, macho yote yanahamia kwa paka na panya. Sharti ni moja tu: huyo awe hajacheza.

Kuku na mwewe

Kuku anasimama mbele, vifaranga wanajipanga nyuma yake kila mmoja ameshika kiuno cha aliye mbele. Mwewe anatoka mbele na kujaribu kumgusa kifaranga wa mwisho. Kuku ananyoosha mabawa na kumzuia, na mkia wote unayumba kumfuata.

Kosa la kawaida ni mstari mrefu. Watoto 12 wakishikana kiunoni, kuku akipinda kidogo mbele, wa mwisho anarushwa kwa kasi na kuanguka, na watatu wanamwangukia. Vifaranga wasizidi watano. Tengeneza familia kadhaa, kila moja na kuku wake na mwewe wake, na kila familia ipewe pembe yake ya uwanja. Chomeka kitambaa nyuma ya kifaranga wa mwisho. Mwewe akikinyakua, anakuwa kuku, kuku anarudi mwisho wa mkia, na kifaranga aliyenyang'anywa anakuwa mwewe. Kila mtu anasogea nafasi na hakuna aliyekufa.

Wacheze kwenye mchanga au nyasi. Kwenye sakafu ya saruji usithubutu.

Visiwa vya kanga

Mchezo wa kukimbilia viti muziki ukikoma unajulikana kila sherehe ya watoto, na kila sherehe unaishia kwa mtoto mmoja kushinda na 14 kununa. Ubadilishe hivi. Tandika kanga tano chini, mbali mbali: hivyo ni visiwa. Palipobaki ni bahari, na baharini kuna papa. Piga ndoo, watoto waogelee kuzunguka visiwa. Ukinyamaza, kila mtu awe juu ya kisiwa, miguu yote miwili.

Raundi ya pili, ondoa kanga moja. Watoto ni wale wale, kisiwa ndicho kilichopungua. Raundi ya tatu ondoa nyingine. Ukibaki na kanga mbili, zikunje katikati. Sasa kazi imebadilika: hawashindani tena, wanabebana. Utaona mtoto wa miaka sita amemkumbatia wa miaka mitatu ili miguu yake isiguse bahari, mwingine amesimama kwa mguu mmoja na kuwashika wenzake mashati. Kundi zima likiweza kuenea, wote wameshinda. Likishindwa, papa amekula vidole tu, rudisha kanga moja na mjaribu tena.

Kanga inateleza kwenye vigae. Ndani ya nyumba tumia mkeka, au chora duara sakafuni kwa chaki.

Wadogo zaidi, wa miaka mitatu, wape mstari mmoja tu chini: upande huu baharini, upande ule nchi kavu. Unataja, wanaruka. Ukitaja upande walipo tayari, wanatakiwa watulie.

Rede na kujificha, kwa namna nyingine

Rede ya kawaida, ya wawili kurusha mpira na mmoja katikati kukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, haiwafai walio chini ya miaka saba. Hawawezi kulenga, hawawezi kukwepa, na wa katikati ni mmoja tu. Watoto wa Kenya wanaoujua mchezo wa namna hiyo kama kati nao watakuambia kwamba mdogo huwekwa katikati ili apigwe tu. Igeuze: watoto wote wakae duara kubwa, watano waingie katikati, na mpira *uviringishwe* chini, usirushwe. Wa katikati wanaruka kuukwepa. Aliyeguswa mguu anabadilishana nafasi na aliyeviringisha. Wakizoea, ongeza mpira wa pili. Hapo miguu inachanganyikiwa na kelele zinafika kwa jirani.

Kujificha, pamoja na kombolela, mimi siwachezeshi watoto wadogo kwenye kundi, na sitabadili msimamo. Mtoto wa miaka minne akijificha vizuri hamjui alipo: ndani ya pipa, chini ya gari lililoegeshwa, kwenye friji bovu nyuma ya nyumba. Wafichie kitu badala ya kuficha watu. Mmoja anageuka na kufumba macho, wenzake wanaficha mpira wa soksi, kisha wanamwongoza kwa makofi: akiwa mbali makofi ya taratibu, akikaribia makofi ya haraka. Kundi zima lina kazi, wote unawaona, na utashangaa jinsi watoto 20 wanavyoweza kushusha makofi yao pamoja bila kuambiwa.

Mbio za kupokezana: piga hesabu kwanza

Chukua watoto 24, wapange mistari miwili ya 12, kila mmoja akimbie kwa sekunde 20 kwenda na kurudi. Mtoto anakimbia sekunde 20, kisha anasubiri wenzake 11. Hizo ni sekunde 220, karibu dakika nne za kusimama. Gawa hao hao mistari sita ya wanne wanne: anasubiri dakika moja tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuutumia mwili kwa siku, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za kuhangaika hasa. Foleni haimpeleki huko.

Ndimu kwenye kijiko ni nzuri kwa miaka mitano na kuendelea, ila kijiko kishikwe mkononi. Kukiweka mdomoni huku unakimbia ni kutafuta jino livunjike. Mbio za magunia ziache, gunia la mtu mzima linamfika mtoto kwapani na akianguka hana mkono wa kujikinga. Kuvuta kamba nako kusubiri: kamba inachuna viganja, na upande mmoja ukiachia ghafla wote wa upande wa pili wanaanguka chali. Mdako ni mchezo mzuri wa vidole, lakini kokoto zisikae karibu na mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni.

Watoto unaowafikiria kabla

Yupo anayekataa kucheza. Usimvute mkono na usimbembeleze mbele ya wenzake. Mpe ndoo apige ngoma, au mpe kitambaa amchague paka. Wengi huingia wenyewe baada ya raundi mbili, na asiyeingia leo ataingia siku nyingine.

Asiyesikia vizuri anahitaji ishara ya macho: kila unapopiga makofi inua pia kitambaa juu, na uwafundishe wote kukitazama. Asiyeona vizuri mpe mwenzake wa kushikana naye mkono katika michezo ya duara, na kwenye kutafuta kitu kwa makofi atawashinda wengi. Mwenye kiti cha magurudumu ni kuku mzuri sana kwenye kuku na mwewe, ila vifaranga washike mgongo wa kiti na uwanja uwe mgumu na tambarare, kwa hiyo hapo mchezo ni wa kutembea. Kama una mtoto mwenye ualbino, mchezo wote uhamie kivulini, si yeye peke yake. Avae kofia pana na mikono mirefu, na vitu unavyowaonyesha watoto viwe vikubwa na vya rangi kali, kwani wengi wao hawaoni mbali vizuri.

Anayepiga wenzake mara nyingi ni yule aliyechoka au aliyebaki bila kazi. Mpe kazi ya mwili: kubeba ndoo, kukunja kanga, kusimama jirani nawe kuhesabu hadi 20. Na mtoto akianguka akalia, simamisha kwa makofi, mwangalie, mnawishe, kisha mwulize yeye kama mchezo uendelee. Karibu kila mara atasema ndiyo huku machozi bado yanatiririka.

Siku ya mvua

Darasani au sebuleni, acha vyote vya kukimbia. Sogeza meza ukutani. Nyama nyama unafanya kazi vile vile, kuruka kukiwa kwa kuinua mikono. Ongeza sanamu: piga ndoo wacheze ngoma, nyamaza wagande walivyo. Badala ya kumsaka aliyetikisika, pita katikati yao ukisifia sanamu: "Huyu ni mti. Huyu ni bibi anatwanga." Wataanza kutengeneza sanamu za ajabu ili wasifiwe. Kelele za mvua kwenye bati zikizidi sauti yako, chezeni kwa ishara tu: unagusa pua, wanagusa pua, unainuka, wanainuka.

Kupanga dakika 40

Dakika tano za kwanza ni ishara ya makofi na simama, kaa. Kumi za nyama nyama na ukuti. Kumi na tano za kukimbia, yaani paka na panya au kuku na mwewe, huku mkisimama katikati kwa maji na kuhesabu. Tano za visiwa. Tano za mwisho ni za kushusha pumzi: walale chali kivulini, wafumbe macho, na kila mmoja anyooshe kidole kimoja kwa kila sauti anayoisikia. Jogoo. Bodaboda. Mtu anafua. Wakishatulia hivyo ndipo unapowahesabu kwa mara ya tatu na kulinganisha na kiganja chako, kisha unawaachia wazazi mmoja mmoja, si kundi zima kukimbilia getini.

Mchezo ukatishe ungali mtamu. Ukiona wa kwanza amekaa chini anachora mchangani, ulishachelewa raundi moja, hamia mwingine bila kueleza. Na maelezo yawe mafupi kuliko mchezo: onyesha na watoto wawili, anzeni, rekebisha mkiwa mnacheza.

Wiki inayofuata usilete michezo mipya. Rudia ile ile, kwa mpangilio ule ule, na ongeza mmoja tu. Sisi wakubwa ndio tunaochoshwa na marudio. Mtoto akishajua paka anafanya nini, anaanza kubuni mbinu za panya. Wiki ya tatu au ya nne, mpe mmoja wao ndoo na umwache aongoze nyama nyama mwanzo hadi mwisho, wewe ukiwa ndani ya kundi unaruka nao.